Esteri Wawili, Nyumba Moja

Siku ile Esteri alirudi shambani akamkuta mwanaume asiyemjua anapima ukuta wa nyumba yake kwa tepu. Hakuwa na hata chembe ya aibu ya mtu aliyekutwa kwenye uwanja wa watu. Alipima tu, akasoma namba kwa sauti, na mwenzake aliyesimama penye migomba akaziandika kwenye simu. Kuku wote walikuwa wamekimbilia nyuma ya choo.

"Mwidiwe," Esteri akasema, maana jua lilikuwa limeshapinduka, na kwa Waha hata mwizi husalimiwa kwanza.

Mwenye tepu akageuka. "Shikamoo mama. Wewe ndiye mpangaji hapa?"

"Mpangaji wa nani? Hapa ni kwangu."

"Basi mwambie mwenye nyumba tumepita. Mnada ukitangazwa asije akasema hakuambiwa."

Wakapanda pikipiki wakaenda zao. Esteri alibaki na jembe begani, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba jembe huwekwa chini. Neno mnada alilijua. Alishaona nyumba ya jirani wa mtaa wa juu ikinadiwa, vyungu vya mke vimepangwa barabarani, na yule mke amekaa juu ya godoro anawatazama watu wanavyoingia na kutoka chumbani kwake. Akakaa juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliiogopa nyumba yake mwenyewe.

Sasa nikwambie Esteri ni nani, usije ukamdhania mwanamke wa kuzimia ovyo. Mzaliwa wa Nyakitonto, huko Kasulu, mkulima wa maharage na mihogo, mwenye sauti ya kwaya na mkono wa kumkamata jogoo mbio. Aliolewa Kibondo akiwa binti mbichi, na Leonidasi, kitinda mimba wa fundi matofali mmoja aliyeitwa Hatungimana. Mimi nalitaja jina hilo bila taabu kwa sababu sikuolewa kwenye boma lile. Esteri halitaji. Halitaji akiwa na hasira, halitaji akiwa na homa, wala huwezi kumtega akateleza. Siku alipoingia kwa mumewe, shangazi za Leonidasi walimkalisha kwenye mkeka wakamweleza kwamba mke hatamki jina la baba mkwe. Anayelitamka, mikono yake itaanza kutetemeka na haitatulia mpaka kaburini. Hata ugali hatausonga. Wako vijana wanaocheka wakisikia hayo. Esteri hakucheka, na shangazi wenyewe hawakuwa wanatania.

Kwake jambo lilikuwa zito zaidi, maana jina lile limembeba Mungu ndani. Imana ndiye Mungu kwa Kiha, na Imana amekaa pale mwishoni mwa jina la mzee. Basi Esteri akaona heri ajikate kabisa. Kanisani wenzake wakifika penye Imana, yeye huvuma na midomo imefungwa. Akisali, husali kwa Kiswahili. Padri mmoja mgeni aliwahi kumsifu kwa kuipenda lugha ya taifa, naye akaitikia tu, "Asante, Baba."

Mzee alimpenda mkwe wake huyo kuliko wanawe, na hakuficha. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, matofali aliyafinyanga na kuyachoma bondeni, na alipokuwa kitandani anakwisha alimwita Esteri akamwambia maneno ambayo mwanawe hakuyasikia. "Leonidasi ana moyo mwepesi. Mtu akimwambia twende, anavaa viatu kabla ya kuuliza wapi. Nyumba hii nakuachia wewe uilinde." Wakamzika nyuma ya nyumba, kando ya mparachichi. Esteri hufagia pale kila Jumamosi.

Jioni ile Leonidasi aliporudi sokoni, alikuta mke hajapika. Alijua mara moja. Mwanaume mwenye jambo moyoni akikuta jiko limepoa, haulizi chakula kiko wapi.

"Wamekuja watu na tepu," Esteri akasema.

"Watu gani?"

"Usiniulize mimi. Wamesema mnada."

Leonidasi akakaa. Yeye ni mnunuzi wa maharage, anazunguka vijijini na magunia, na msimu ule bei ilikuwa imemwangusha vibaya. Akaanza kueleza kwa kuzunguka, mara soko, mara mvua, mara malori ya Nyakanazi, hadi Esteri akamkatiza.

"Umeiweka nyumba rehani?"

"Yule dalali Evaristi alisema ni utaratibu tu. Kila mkopo una dhamana yake."

"Na mimi? Hawakuuliza kama una mke?"

Leonidasi akatazama kucha zake. "Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikawapelekea mke."

Esteri hakuelewa. Akarudia maneno yale kinywani mwake polepole. Leonidasi, macho bado kwenye kucha, akamalizia yaliyobaki. Kampuni ya mikopo iko Kasulu mjini, na pale ofisini hakuna anayewajua. Ilitaka mke wa mkopaji aje mwenyewe, akubali kwa mdomo na kwa sahihi. Evaristi akasema mkeo atakataa, mimi nitakutafutia wa siku moja. Akaja na mwanamke wa kuja, aliyekuwa akiuza vitenge karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, akamfundisha njia nzima. Mwanamke yule akaingia ofisini, akajibu, akapigwa picha, akatia sahihi kwa jina la Esteri.

"Kwa nini hukuniuliza, Leonidasi?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa! Kwani ulidhani ningefanya nini?"

Asubuhi Leonidasi alisema anakwenda kudai hela kwa watu wa Kakonko. Alivaa viatu vyake vizuri, na Esteri alipoviona viatu vile alijua harudi leo wala kesho. Mchana akapiga simu. Haipatikani. Jioni, haipatikani. Kumbe mwanaume anaweza kuikimbia nyumba aliyoiuza mwenyewe!

Aliyemshika mkono ni Swaumu, mwenye duka la vyombo karibu na stendi, mwanamke mwenye ndugu Ujiji na ulimi usioogopa mtu. Swaumu alikuwa msaidizi wa kisheria wa kata, kazi ya kujitolea, na alipenda kuifanya mbele ya wateja.

"Shoga yangu, kaa hapa kwenye ndoo," alisema, na Esteri akakaa. "Sikiliza. Nyumba anayoishi mke haiwekwi rehani bila mke kukubali. Hiyo ni sheria ya ardhi, si maneno ya Swaumu. Na anayekopesha ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba mke aliyekubali ni mke kweli. Kama hukutia sahihi, rehani hiyo ni upepo."

"Sikutia. Ila jina langu limetiwa."

"Ndiyo hapo sasa." Swaumu akashusha sauti. "Watasema aliyetia ndiye Esteri, na wewe ni mwanamke umeletwa kuvuruga. Wakopaji wapo wanaofanya hivyo kweli, wanakula hela halafu wanaleta mke aje kulia. Una cheti cha ndoa?"

Cheti kililiwa na mchwa pamoja na sanduku lake, na padri aliyewafungisha alishahamishwa. Swaumu akaguna. Akasema majirani watatosha, kisha akasema labda, na ile labda ilikaa tumboni mwa Esteri kama ugali mbichi. Wakafungua shauri baraza la ardhi, na mnada ukasimamishwa mpaka wasikilizwe.

Habari zilimfika Evaristi kabla wino haujakauka. Huyu Evaristi ni mtoto wa Nyakitonto kama Esteri, ila alichukuliwa na mjomba wake Dar es Salaam angali mdogo, akarudi mtu mzima na miwani ya jua na Kiswahili cha redioni. Kiha alikielewa nusu, na nusu hiyo aliionea haya. Kazi yake udalali wa mikopo. Ofisi hana, leseni hana, ana pikipiki na maneno. Akimpeleka mtu kwenye kampuni anapata chake huko, na kwa mkopaji anapata chake tena, na wakija kunadi nyumba yeye yuko mtaa wa tatu anampongeza mwingine. Serikali inasema watu wa namna hii wasajiliwe wachungwe. Wachungwe kweli, maana mbuzi wanachungwa na hawajawahi kuuza nyumba ya mtu.

Alimkuta Esteri anapembua maharage. Hakushuka kwenye pikipiki.

"Shemeji, nimesikia unatupeleka barazani."

"Nawapeleka."

"Sawa. Ni haki yako. Ila ujue kitu kimoja." Akavua miwani, na macho yake yalikuwa mapole, jambo lililomtisha Esteri zaidi. "Aliyempeleka mwanamke yule kule ofisini ni mumeo. Akithibitika alidanganya, ni jela. Sasa chagua mwenyewe. Nyumba au mume. Vyote viwili hupati, shem."

Akaondoka. Esteri akaendelea kupembua, ila alikuwa anatupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Tangu siku ile usingizi ulimhama. Pikipiki ikipita njiani alisimama. Mbwa akibweka alichungulia dirishani akitarajia tepu. Alikwenda kwenye kaburi kando ya mparachichi akafagia siku isiyo Jumamosi, akasema, "Bwana wa nyumba, nifanyeje?" Hivyo ndivyo alivyomwita mzee akiwa hai na hivyo ndivyo alivyomwita baada ya kufa. Mparachichi ukadondosha jani, basi. Wafu hawana haraka.

Siku ya baraza ilifika. Chumba kilijaa, maana Kibondo inapenda shauri la ndoa, na hili lilikuwa la ndoa limevaa koti la ardhi. Mbele alikaa mwenyekiti, mwanamke aitwaye Ghati, mtumishi aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tarime, mkavu wa maneno. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa washauri wawili wa baraza: Marcel, aliyesinzia, na Philomena, nesi mstaafu, aliyekuwa amezalisha nusu ya watu waliokuwamo chumbani. Upande wa pili alikaa William, afisa mikopo wa kampuni, kijana wa Mbeya mwenye shati lililonyooka.

Kando ya William kulikuwa na Evaristi, na kando ya Evaristi mwanamke aliyevaa gauni la kitenge cha njano.

Karani akaita, "Esteri, mke wa Leonidasi!"

Wanawake wawili wakasimama.

Mama wee! Esteri alishika bega la Swaumu asianguke. Mwanamke yule alikuwa mzuri, mnene kidogo kuliko yeye, na alisimama kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri. Esteri akamtazama, na kwa kitambo kidogo, nasema kweli, akajiuliza kama si yule ndiye Esteri na yeye ni nani sijui. Hofu ikizidi humnyang'anya mtu hata jina lake.

William alieleza kwa adabu. Kampuni ilifuata taratibu. Mke aliletwa na mumewe mwenyewe, akaulizwa maswali ya kumhakikisha, akajibu yote bila kusita, ndipo mkopo ukatoka. "Mheshimiwa mwenyekiti, mume ametoweka, na sasa amejitokeza mama huyu. Sisi hatumjui."

Swaumu akasimama kusema anamjua Esteri miaka mingi. William akauliza kama ni rafiki yake. Swaumu akasema ndiyo, sana. William akakaa bila kuongeza neno, na Swaumu akaona kosa lake akachelewa. Jirani mwingine naye, rafiki. Wa tatu alikuwa ameazima jembe la Esteri, na hilo nalo likasemwa.

Ndipo Ghati akamgeukia Esteri. Esteri alikuwa ameshaapa kwa Biblia, mkono wake bado unanuka ngozi ya kile kitabu.

"Mama, kiwanja hiki kabla ya mumeo kilikuwa cha nani?"

"Cha baba mkwe wangu."

"Jina lake?"

Esteri akafungua mdomo. Akaiona nyumba, akayaona matofali, akaona vyungu vyake vimepangwa barabarani. Jina lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Kulitoa ni pumzi moja tu. Akawaona na wale shangazi kwenye mkeka, na mzee anakohoa kitandani, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Sitaji," akasema.

"Hujui?"

"Najua. Kwetu mke hataji."

"Mama, hapa ni barazani, si jikoni. Barazani tunataja wote. Basi liandike."

Karani akamletea kalamu. Esteri akaitazama kalamu ile kama nyoka. Kuliandika ni kulitaja kwa mkono, na mkono ndio uliotishiwa. Akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka bila sauti.

Evaristi hakungoja ruhusa. "Mheshimiwa, mimi ni Muha, mzaliwa wa Nyakitonto. Hayo mambo ni ya zamani, siku hizi hakuna. Mama huyu halijui jina, ndiyo maana."

"Kaa chini, hujaitwa," Ghati akasema, lakini aliandika kitu, na Esteri aliona kalamu ile ikitembea akajua nyumba inakwenda. Swaumu alikuwa anamnong'oneza, "Litaje, shoga, litaje Mungu atakusamehe." Hakuweza. Alitetemeka mwili mzima isipokuwa mikono.

Ghati akamgeukia mwenye kitenge cha njano. "Na wewe mama?"

"Hatungimana, mheshimiwa," mwanamke akasema, kwa sauti safi. "Baba mkwe wangu ni mzee Hatungimana, fundi matofali."

"Ndivyo alivyojibu hata ofisini," William akadakia. "Mheshimiwa, alilitaja mara tatu bila hata kufikiri. Huyo ndiye aliyetuhakikishia."

Mguno ukapita chumbani, kuanzia benchi la nyuma hadi la mbele. Mama mmoja akajiziba mdomo kwa kitenge. Marcel, yule aliyesinzia, akaamka. Evaristi akageuka kutazama watu wana nini, na hapo ndipo ungeona mtu aliyeondoka kwao mapema. Alikuwa amemfundisha mwanamke yule kila kitu, jina la mume, jina la mtaa, rangi ya mlango. Na kwa vile alitaka ajibu vizuri, akamfundisha na jina la mkwe, tena akamkaririsha.

Philomena akaomba kuuliza.

"Binti, mkwe wako ulimuuguza?"

Mwenye kitenge akamtupia Evaristi jicho. "Ndiyo, mama. Mpaka mwisho."

"Vema sana. Ukimpelekea uji, ulimwitaje?"

"Nilimwita tu. Nilisema, Hatungimana, uji tayari."

Chumba kililipuka. Kuna mwanaume alicheka mpaka akatoka nje. Hata Ghati, ambaye Kiha hajui hata salamu, aliweka kalamu chini.

"Baba mkwe wako unamwita kwa jina kama mtoto wa jirani?" akauliza. "Kwetu Tarime ungetozwa mbuzi, na mumeo angetozwa wa pili."

"Mheshimiwa, ni utani wa kwetu..."

"Kwenu wapi?"

Mwanamke akaanza kukunja pindo la gauni lake. Ghati akawatuliza watu kwa kugonga meza. Akasema kicheko si ushahidi na mila peke yake haiamui shauri, baraza linataka ukweli. Akamkazia macho mwanamke yule.

"Umesema ulimuuguza mpaka mwisho. Amezikwa wapi?"

"Makaburini."

"Makaburi gani?"

Mwenye kitenge akageukia tena upande wa Evaristi, na Evaristi alikuwa anaitazama simu yake ambayo haikuwa imelia. Esteri, machozi bado hayajakauka, alimwona mwanamke yule anavyoanza kutoka jasho juu ya mdomo. Akaijua hofu ile. Ilikuwa yake, imehama benchi.

"Mama," Ghati akasema polepole, "umeapa. Anayedanganya hapa baada ya kuapa, hilo ni kosa la jinai. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Mimi nilipewa kitenge!" mwanamke akapasuka. "Kitenge hiki na nauli! Huyu kaka alisema ni kusindikiza tu mtu apate mkopo, hakusema kuna nyumba ya mtu! Mimi nina watoto, jamani!" Akakaa sakafuni. Esteri wa kwanza, yule wa kweli, hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alitaka tu kwenda nyumbani.

Uamuzi wenyewe ulichelewa, kama kawaida ya maamuzi, lakini ulikuja. Rehani ile haikuwa na nguvu juu ya nyumba kwa sababu mke hakuridhia. William alijitetea kwamba waliuliza maswali, na Ghati akamjibu kwamba walimuuliza mtu waliyeletewa na dalali, na sheria haikumpa dalali kazi ya kuthibitisha ndoa za watu. Deni likabaki kwa Leonidasi mwenyewe, alipe kwa jasho lake. Evaristi alichukuliwa na polisi akahojiwe. Swaumu alinunua soda dukani kwake mwenyewe akajilipa, akasimulia kesi kwa kila aliyekuja kununua sufuria.

Esteri hakusherehekea. Mume alikuwa hajulikani aliko, na yale maneno ya Evaristi, nyumba au mume, yalikuwa yanamfuata hadi shambani. Nyumba ameipata. Basi mume je?

Leonidasi alirudi jioni moja mvua ikitishia. Alisimama nje ya uwanja akapiga makofi taratibu kama mgeni, amekonda, ndevu zimemjaa, viatu vile vizuri vimefumuka. Esteri akamwekea maji ya kunawa, maana mtu hulishwa kwanza. Akasonga ugali, akaweka maharage, wakakaa.

"Sikufungwa," Leonidasi akasema. "Nilikwenda polisi mwenyewe, nimeandika maelezo. Wamesema wataniita."

"Vema."

Akala matonge mawili. Akanywa maji. Esteri alimwona anajikuna shingo, akarudisha tonge lake sahanini.

"Esteri, wale wa Kasulu wanadai bado."

"Najua."

"Kuna kampuni nyingine. Iko Kigoma mjini, hao wana leseni, nimeona kwa macho yangu. Tukichukua kwao tunawalipa hawa, tunaanza upya." Akamkaribia, akatabasamu lile tabasamu lake la maskini ya Mungu. "Na safari hii hakuna uongo. Safari hii utatia sahihi wewe mwenyewe. Wanataka tu mkono wako."

Mvua ikaanza juu ya bati. Esteri akasikia kama tepu inavutwa tena ukutani. Akaona kwamba mara ya kwanza walihitaji kuiba jina lake, na sasa wamekuja kuliomba, kwa upole, na tonge mkononi. Sheria ilikuwa imempa neno la mwisho, na neno hilo sasa lilikuwa juu yake peke yake, bila Swaumu, bila Ghati, bila Philomena. Aliogopa kuliko siku ya tepu na kuliko siku ya baraza.

Akasimama.

"Nyumba hii ni ya Hatungimana," akasema.

Tonge likamdondoka Leonidasi. Miaka yote ile hakuwahi kulisikia jina la baba yake kinywani mwa mkewe.

"Ni ya Hatungimana, na Hatungimana aliniachia mimi niilinde dhidi yako. Barazani walinitaka nilitaje nikakataa, nyumba ikawa inakwenda. Leo nimelitaja. Ukileta karatasi yoyote hapa, ya leseni au isiyo na leseni, nitasimama uwanjani kila asubuhi niliite jina hili mpaka Kibondo nzima iulize umemfanya nini mkeo."

Mvua ilikuwa kubwa sasa. Esteri akainyoosha mikono yake mbele ya taa akaitazama. Ilikuwa inatetemeka. Hakujua kama ni hasira, au hofu, au ndiyo ile ya shangazi imeanza.

Leonidasi naye aliiona. Akainamisha kichwa.

"Sitaleta karatasi," akasema.

"Basi kula," Esteri akamwambia, na akamwongezea maharage, na upawa ulikuwa unagonga ukingo wa sahani muda wote.